Unga Mchungu na Unga Mtupu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua ya kwanza imeshuka kijijini kwetu Qurus leo saa tano asubuhi, nikiwa katikati ya njia na begi la mradi mgongoni. Nilijibanza chini ya paa la duka la mbolea nikaangalia vumbi jekundu likigeuka tope, na kwa muda nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Mama mkwe husema mimi hulala nikiwa nimesimama, kama punda. Pengine ni kweli.

Daftari hili ni langu mwenyewe. La mradi lina nafasi ya namba tu, na mimi nina maneno mengi.

Nieleze kazi hii iliyoanza leo, ili nikija kusoma uzeeni nielewe. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Dk. Sylvesta, wa taasisi ya utafiti huko Arusha, anataka kujua kama dawa ya malaria inayotokana na pakanga, ule mmea mchungu, inaweza pia kutuliza baridi yabisi. Amechagua wanawake ishirini na wawili wa hapa ambao viungo vyao vimevimba na kukakamaa. Kila Jumatatu nampa kila mmoja kichupa chenye vidonge saba, vile vya ganda vyenye unga mweupe ndani, na nachukua kichupa kitupu cha wiki iliyopita. Namuuliza maumivu yake ni mangapi kati ya kumi. Kisha nampa kipira chenye saa ya kupimia nguvu akibane, nione mkono unaweza nini.

Nusu yao wana dawa. Nusu wana unga mtupu, wenye sura ile ile. Nani ana nini imeandikwa kwenye bahasha iliyofungiwa Arusha. Mimi sijui, na daktari mwenyewe hajui.

Namba tisa ni mama mkwe, Germana. Huu mwaka wa tatu mikono yake imejikunja, hawezi kukamua wala kushika kikombe kwa mkono mmoja. Leo alikipokea kichupa kwa viganja viwili, kama komunyo, kisha akaniuliza, "Hicho kipira umekiosha?"

Jumanne, 4 Machi

Ukungu mpaka saa nne. Jumanne ni siku ya kikundi cha wanawake hawa. Wenye nguvu wanalima shamba la mmoja wao, wenye viungo vibovu wanakaa jikoni kwa mwenye shamba, wanapika makande na kusema watu. Leo walikuwa bondeni. Mama karudi akiwa mchangamfu kuliko kawaida, jambo ambalo hunitia wasiwasi.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padri kanipaka mengi, yamenidondokea puani.

Jumatatu, 10 Machi

Laurencia, jirani yetu, magoti yake ni ya kuhurumiwa. Kutoka kitandani hadi jikoni anajivuta kwa makalio. Nilipomuuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi akasema, "Kumi na moja ipo?" Nikaandika kumi.

Njia ya kurudi ilikuwa nyeupe tupu, siuoni hata mti. Nilitembea ndani ya ukungu nikisikia kengele za mbuzi zisizo na mbuzi. Ningeweza kutembea hivyo siku nzima bila kufika popote na nisilalamike.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Mume wangu Patrisi kapiga simu kutoka Serengeti anakoendesha watalii. Anasema magari yanakwama na wageni wanapiga picha za tope.

Jumatatu, 17 Machi

Vichupa ishirini na viwili nje, ishirini na viwili ndani. Miguu yangu imechoka.

Jumatatu, 24 Machi

Laurencia kasema saba. Mama kasema saba. Namba kumi na nne, ambaye wiki iliyopita hakutaka hata kunisalimia kwa maumivu, kasema saba na kunipa ndizi.

Nimekaa kizingitini mchana mzima nikikumbuka mwaka nilioletwa hapa kuolewa. Mlima wote ule wa mbele ulikuwa pakanga. Kampuni ilikuja, ikagawa mbegu, wanawake wakalima, wakavuna majani kabla ya maua, wakayakausha kivulini. Harufu iliingia kwenye mito ya kulalia. Nilikuwa nikiota kijani kitupu, bila watu. Baada ya miaka minne kampuni haikurudi tena na mahindi yakarudi mahali pake. Siku hizi pakanga inaota yenyewe mitaroni na hakuna anayeitazama.

Jumatatu, 31 Machi

Leo asubuhi nilisikia maziwa yakilia ndooni nikadhani Patrisi karudi. Alikuwa ni mama. Anakamua kwa vidole vitatu, polepole, akimsema ng'ombe. Nilisimama nyuma ya ukuta ili asinione, machozi yakanitoka. Sikujua kwamba nampenda kiasi hicho. Kusema kweli sikujua kama nampenda.

Aliponiona akasema, "Umesimama hapo unasinzia, kuni ziko wapi?"

Wanawake karibu wote leo wamesema sita.

Jumatatu, 7 Aprili

Dk. Sylvesta kaja na kompyuta yake. Ni mtu mpole, mrefu, anayekunywa chai bila sukari na kuomba radhi kwa kila kitu. Tuliketi ofisi ya kijiji, nje ukungu umeshuka hadi dirishani.

"Kwa kawaida," alisema, "ikifika wiki ya tano namba zinaanza kuachana. Wengine wanashuka, wengine wanabaki pale pale. Sijui nani ana dawa, lakini naona mafungu mawili. Hapa naona fungu moja."

"Ni vibaya, daktari?"

"Kila mtu amepata nafuu kidogo, sawasawa na mwenzake. Samahani, nikuulize, hakuna wanachokunywa pembeni? Mizizi, mafuta?"

"Sijaona."

Alifunga kompyuta. "Ikiendelea hivi nitalazimika kuandika kwamba wenye dawa na wenye unga mtupu hawana tofauti."

"Maana yake?"

"Maana yake dawa haina kazi. Itawekwa kando, na sidhani kama kuna atakayeijaribu tena kwa ugonjwa huu."

Nimerudi nyumbani nikifikiria yale maziwa ndooni. Haina kazi?

Jumatatu, 14 Aprili

Kipira cha kupimia kimetoboka nikiwa nyumba ya kwanza. Fundi baiskeli wa Karatu mjini kakiziba kwa kiraka chekundu. Kesho nitazunguka tena kupima.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeona. Nitaandika kama ilivyokuwa, maana sijui la kufanya na kuandika ndiyo njia yangu ya kufikiri.

Asubuhi nilikwenda kwa Laurencia na kipira. Ukungu ulikuwa mzito, nikafuata harufu ya moshi mpaka mlango wa jiko. Sikupiga hodi. Ndani walikuwa wamejaa, hao wa baridi yabisi wote, wamekaa kwa kuzunguka. Katikati kulikuwa na beseni la bati. Walikuwa wanavifungua vidonge kimoja kimoja, unga unaangukia kwenye beseni, maganda wanayatupa motoni. Vidole vibovu vile, vinafungua vidonge vidogo vile, kwa upole wa ajabu. Nilidhani bado niko kitandani naota.

Kisha mama mkwe akauchanganya unga kwa mwiko, akaanza kuupima kwa kifuniko cha soda. Kila mwanamke alikuwa na vipande saba vya gazeti.

"Funga mlango," akaniambia bila kugeuka. "Upepo utapeperusha."

Nikafunga. Laurencia akaangalia chini kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mnafanya nini, mama?"

"Tunagawana."

"Daktari alisema kila mtu anywe cha kwake."

"Daktari alisema pia kwamba nusu yetu tumepewa unga wa bure. Alisema mwenyewe, mbele ya mwenyekiti, tukaweka dole gumba. Sasa wewe ulitaka tukae jiko moja, mmoja anapona, mwenzake anameza unga wa bure, na wote tunajua?"

"Mnajuaje? Hata mimi sijui."

Wakacheka, wote. Namba kumi na nne akasema, "Eva, tumevuna pakanga hapa miaka minne. Ulimi haujasahau. Kuna vichungu na kuna visivyo na ladha."

"Na hatuulizani nani kaleta uchungu," alisema mama. "Hiyo ndiyo sheria. Vinamwagwa vyote, kila mtu karatasi saba."

Sheria yake, bila shaka. Namjua mama mkwe wangu. Papo hapo nilielewa jambo moja, au nilidhani nimeelewa: vyake ni vile visivyo na ladha. Kaonja, kaona wenzake watapona yeye abaki, akawaundia sheria. Nilimkasirikia. Pia nilitaka kukaa nao kwenye ule mzunguko nipewe kazi ya kukunja karatasi. Yote mawili nilikuwa nayo moyoni kwa wakati mmoja.

Nilimpima Laurencia. Kabana kipira vizuri kuliko wiki zote. Nikaondoka.

Jumatano, 16 Aprili

Nikisema, daktari atachukua vichupa na mikono ya mama itajikunja tena. Nisiposema, daktari ataandika kwamba dawa haina kazi, wakati inafanya kazi kwa nusu kipimo mbele ya macho yangu. Sijala vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kubwa. Nimewaza kutoroka kwenda Serengeti.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baada ya Njia ya Msalaba tulirudi pamoja, mama mbele mimi nyuma. Sikuweza kusubiri tena.

"Mama, fikiria una mashamba mawili. Moja umeliwekea mbolea, jingine hukuweka. Mtu kapita barabarani anataka kujua kama mbolea ile ni nzuri. Atajuaje?"

"Ataangalia mahindi."

"Na kama umeigawa mbolea nusu kwa nusu?"

"Yataota sawa." Akasimama. Alikuwa bado ananipa mgongo. "Atasema mbolea ni bure."

"Ndivyo daktari atakavyoandika. Dawa ni bure. Atapeleka karatasi huko wanakoamua, na wataiweka kando."

Mama aliinama. Mtaroni pakanga ilikuwa imelowa, akaivuta kidogo, akainusa, akaitupa.

"Wenye mikono kama yangu," akasema, "ni wengi? Huko kwingine?"

"Wengi, mama. Siwezi hata kukadiria."

"Tangulia nyumbani. Niache nifikiri."

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Patrisi kaja na mchele. Mama hakumsema mtu yeyote siku nzima, hata ng'ombe.

Jumatano, 23 Aprili

Jana aliwaambia wenzake. Anasema walikataa, wakamwita msaliti, Laurencia akalia. Yeye hakubishana. Alilitoa beseni nje akalipindua.

Leo kaniambia, "Mpigie daktari. Mwambie ni mimi niliyeanzisha. Usitaje mwingine."

Nimepiga. Dk. Sylvesta akasema, "Samahani," kama vile yeye ndiye aliyekosa.

Jumatatu, 28 Aprili

Alikuja. Wanawake walikaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kijiji wakisubiri kugombezwa. Hakugomba.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliwaeleza kwamba mtakuwa na vitu tofauti, nikadhani mtakubali kukaa navyo. Sikuuliza mnaishije."

Kisha akasema yaliyobaki. Namba za Qurus hazitatumika. Vidonge vyote vinarudi Arusha. Kazi itaanza upya Wasso, huko mbali Umasaini, kwa wanawake wengine, na safari hii hata vile vitupu vitatengenezwa vichungu ili pasiwe na ulimi utakaojua.

Laurencia akainua mkono. "Si utuachie sisi hivi vyenye dawa, daktari? Tumeshajua vinasaidia."

"Mimi nadhani vinasaidia, mama. Sijui. Na nisichokijua siruhusiwi kukigawa."

Laurencia akashusha mkono. Nilikusanya vichupa ishirini na viwili, begi likawa jepesi mno. Nilijichukia njia nzima.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka, nimevaa buti, nimefika getini, ndipo nikakumbuka sina pa kwenda.

Jumatatu, 12 Mei

Kukamua kumerudi kwangu. Mama aliiacha tu ndoo mlangoni mwangu.

Jumapili, 18 Mei

Laurencia hakuja kanisani. Kuna wanawake wanatusalimia mama na mimi kwa kichwa tu. Mahindi yamefika kifuani na mvua inanyesha kidogo kidogo, ile isiyo na haraka.

Alhamisi, 29 Mei

Baridi imeanza. Ukungu hautoki tena, unakaa uani kama mgeni aliyezoea. Leo nimemlisha mama uji kwa kijiko. Alikuwa anaangalia ukutani. Nilimhurumia sana, na bado sauti ndogo moyoni ikasema: ulianza mwenyewe, kwa kutaka cha wenzako. Siipendi sauti hiyo lakini ipo, na daftari hili si la kudanganya.

Jumanne, 3 Juni

Dk. Sylvesta kapiga simu. Wanawake wa Wasso wanakutana wiki ijayo kuelezwa kazi. Anaomba mtu wa Qurus akawaambie kilichotokea hapa, kwa maneno yake mwenyewe. Nilidhani mama atakataa.

"Gari lina kiti laini?" akauliza.

Jumatano, 11 Juni, Wasso

Tulifika jana jioni, tumelala nyumba ya wageni. Mkutano umekwisha mchana huu.

Safari kwanza. Tulipanda msitu wa ukingoni mwa bonde la kreta tukiwa ndani ya wingu, matone yanaanguka kutoka kwenye ndevu za miti. Bonde halikuonekana kabisa, palikuwa na weupe tu upande wa kushoto. Mama alisema amekaa maisha yake yote chini ya mlima huu na hajawahi kupita juu. Kisha tukashuka tambarare ya Olbalbal na wingu likaisha ghafla. Jua, nyasi, vumbi, twiga wamesimama bila kazi. Mama alitoa mikono yake dirishani, ameikunja hivyo hivyo, aipashe moto. Aliiacha huko saa nzima, na mimi nikaishika kanga yake isipeperuke.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Wanawake thelathini hivi, shuka za bluu na zambarau, shanga, vikohozi. Mhudumu mwenzangu wa hapa anaitwa Naisenya, msichana mwenye sauti kubwa. "Takwenya," akawasalimia, wakaitikia wote pamoja, "Iko."

Kiswahili cha mama huisha njiani jambo likiwa zito, kwa hiyo tulipanga hivi: yeye aseme Kiiraqw chetu, mimi niseme Kiswahili, Naisenya aseme Kimaasai. Na Naisenya alinionya nisiseme "anasema kwamba". "Sema kama yeye, dada. Wakisikia 'anasema' wataona ni habari ya mtu mwingine."

Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu nikasema mimi ni Germana, nina ng'ombe wawili na mikono mibovu. Nikasema tuligawana, na niliyeanzisha ni mimi. Nikasema nilidhani ni haki, na hadi leo nadhani ilikuwa haki kwa sisi tuliokuwa jikoni, lakini nje ya jiko kulikuwa na watu ambao hatukuwaona. Nikasema mtapewa vidonge vyote vichungu, hamtajua, na jirani yako akilia kwa maumivu mbele yako umeze cha kwako na umwache alie. Naisenya alipoyafikisha hayo, ukumbi ulinung'unika.

Mwanamke mmoja akasimama mbele. Nanyori, walimwita. Vidole vyake vilikuwa kama vya mama, vile vile hasa. Alisema maneno machache, na Naisenya akanigeukia.

"Anauliza: wewe unayetuambia tuvumilie, chako kilikuwa kipi? Ulijua?"

Nikamwambia mama kwa Kiiraqw. Niliona haya kwa ajili yake. Nilijiandaa kusema kwa Kiswahili kwamba changu kilikuwa kitupu, ndiyo maana nikatafuta cha wenzangu.

Mama hakunitazama. Alimtazama Nanyori, akajibu taratibu, sentensi tatu. Nilizisikia, nikazielewa, na sikuweza kuzitoa. Naisenya akangoja. Daktari, aliyeketi kando, aliinua kichwa. Mama akanigusa mgongoni kwa ngumi yake ile isiyofunguka, akasema, "Sema, Eva."

Nikasema.

"Changu kilikuwa kichungu. Nilikitafuna siku ya kwanza, nikajua ni mimi nitakayepona. Kesho yake nilimwona Laurencia anajivuta sakafuni, nikaleta beseni."

Nilisema "changu", nikasema "nilijua", kwa sauti yangu, na Naisenya akayapokea akayapeleka kwa Kimaasai. Nanyori akaenda kwenye meza ya vichupa, akapokea chake, akakifunga kwenye ncha ya shuka, na badala ya kurudi kwenye benchi la wenzake akaenda kukaa peke yake, karibu na mlango, mahali pasipo na jirani wa kugawana naye.